Siku Moja Maishani Mwangu: Bustani ya Juu ya Paa

Saa 12 asubuhi nimekwisha kufika juu ya paa, kwa kuwa kumwagilia hakusubiri jua kukolea. Ninatunza bustani za watu waishio ghorofani, na hii ya leo imepandwa ndani ya ndoo kuukuu, kreti za plastiki na madumu yaliyokatwa ubavuni, yote yakiwa yametobolewa chini ili mizizi isioze. Kabla sijagusa mimea ninajaza maji katika sahani yenye kokoto, ambazo vichwa vyake hubaki nje ya maji ili nyuki wapate pa kusimama wanywapo.

Saa 2 ninahamisha miche. Ndoo ya lita 20 iliyojaa udongo wa kawaida uliolowa hupita kilo 30, na paa halikujengwa libebe shamba. Kwa hiyo ninachanganya mboji na makumbi ya nazi yaliyosagwa, ambayo ni mepesi zaidi. Leo ni zamu ya mrehani na alizeti. Ninachagua alizeti zenye duara moja la petali, kwa maana zile zilizozalishwa hadi zikajaa petali tupu hupendeza macho, lakini mdudu akitua hapati mbochi wala chavua ya maana.

Saa 4 mwenye bustani anapanda ngazi na mvutano wetu wa kila wiki unaanza. Mlimau wake mkubwa umetoboka majani, na juu yake wamekaa viwavi wachanga wanaofanana na kinyesi cha ndege.

“Fundi, mbona hupulizi dawa?”

“Mama, hawa ndio vipepeo ulioniagiza.”

Hafurahi, nami simlaumu, ila bustani isiyoliwa hata jani moja haimlishi mdudu yeyote. Mlimau mkubwa utachipua tena. Ule mche mdogo ndio usioweza kuhimili, basi tunakubaliana niufunike kwa chandarua chakavu, nikiwa nimewahamishia viwavi wake kwenye mti mkubwa.

Baada ya mapumziko mafupi, saa 8 inanikuta na msumeno. Chaga za mbao zilizobeba mizigo ya nje ya nchi huwa na mhuri: HT maana yake mbao zilitibiwa kwa joto, MB maana yake zilifukizwa kwa bromidi ya methili, gesi ya sumu ya kuulia wadudu, na hizo za pili sizitumii kamwe. Ndani ya fremu ya chaga ninapanga vipande vya mwanzi vya sentimita 15, vyenye matundu ya milimita 3 hadi 10 na kifundo kinachoziba upande wa nyuma, kwa ajili ya nyuki wanaoishi pekee bila mzinga. Midomo yake ninaipiga msasa, kwani vibanzi huchana mbawa. Fremu yangu ya kwanza niliining’iniza kwa kamba, ikayumba kwa upepo msimu mzima na hakuhamia hata nyuki mmoja; hii ninaigongomea ukutani, mahali panapopata jua la asubuhi.

Saa 11 ninafagia njia tu, majani makavu ninayaacha chini ya mimea.

Saa 12 jioni ninamwomba Mama azime taa ya paa, kwa sababu nondo huishia kuizunguka balbu badala ya kuyafuata maua meupe ya asmini. Anaizima, kisha anavuta kiti karibu na mlimau wake uliotoboka.