Waragi ya njiani Kyotera

Kutoka Mutukula, mpakani mwa Tanzania na Uganda, hadi Kyotera sina la kusimulia ila nauli: kondakta alinitoza ya watu wawili kwa ajili ya mkoba, halafu mkoba wenyewe nikaupakata. Mbele kidogo ya Kyotera gari likafa. Nauli hairudishwi, akasema dereva, fundi yuko njiani.

Nyuma ya migomba moshi ulikuwa ukipanda, nikaufuata. Mama mmoja mtu mzima alikuwa anapika waragi, gongo ya Uganda: pipa la tonto, yaani pombe ya ndizi, juu ya moto, bomba la shaba likipita kwenye dimbwi hadi kwenye dumu. Nikabahatisha shikamoo. "Marahaba, mwanangu. Mimi niliolewa Bukoba." Undugu ukaanzia hapo.

Matone ya kwanza yalinipiga pua: gundi, kisha ndizi mbivu kabisa. Nafundisha kemia, na bado nilishangaa. Harufu hiyo ya ndizi ni ya esta, kemikali ya kunukia, iitwayo isoamili asetati, ambayo huchemka kwenye nyuzi 142, wakati ethanoli huchemka kwenye 78. Kwa hesabu za ubaoni esta ingechelewa, pale imetangulia. Kumbe haipatani na maji, na tonto sehemu kubwa ni maji, basi inakimbia na mvuke wa mwanzo. Huko Cognac, Ufaransa, mambo ni yale yale, kwa kuwa chachu huitengeneza hata kwenye divai ya zabibu. Wao pia hutumia shaba, inayonasa harufu mbaya za salfa, kisha hulaza pombe kwenye mapipa ya mwaloni angalau miaka 2, ipate vanilini, ile harufu ya vanila, kutoka kwenye mbao. Mama hana mwaloni wala kipimajoto. Anakinga kiganjani, ananusa.

Kikombe cha kwanza alikimwaga. "Hii inaua." Nilikubali nusu. Anachomwaga hasa ni ile gundi, yaani ethili asetati, pamoja na asetaldehaidi. Methanoli, sumu yenyewe, inayotokana na pektini ya matunda, huchemka kwenye 64.7 lakini haiishi mwanzoni. Sehemu yake nyingine hufuata hadi mwisho. Nikamweleza yote.

"Mwalimu, unakunywa au unafundisha?"

Nikanywa. Kwetu Kagera gongo hupikwa kwa kujificha, sikio likiwa barabarani. Nani atakuwa na moyo wa kumwaga kikombe kizima? Chupa aliniuzia kwa bei ya mgeni, undugu ukasimama kando. Gari lilipopona, dereva akataka tumchangie hela ya fundi.