Nani Alipie Samaki Aliyetupwa?

Miaka michache iliyopita nilimvua kwa mshipi samaki kutoka kwenye mwamba wenye kina cha zaidi ya mita 40, nikampima, nikakuta amepungukiwa na sentimita mbili tu kufikia kipimo cha chini kinachoruhusiwa na sheria, nikamrudisha majini kama nilivyotakiwa. Hakuzama. Alielea ubavu, tumbo lake la chakula limemtokeza mdomoni na macho yamemvimba, kwa sababu hewa iliyo katika kibofu chake ilikuwa imetanuka alipopandishwa haraka kutoka kwenye mgandamizo wa kina kile, na ndege wa baharini wakamwahi kabla mkondo haujamchukua mbali. Mkaguzi yeyote angenisifu siku ile kwa kuwa sikuwa na samaki mdogo chomboni. Ila nilikuwa nimemuua samaki ambaye hakumfaa mtu yeyote, na hakuna daftari lolote lililomwandika.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza kwa sikio jingine ugomvi wa zamani kati yetu sisi tunaovua kwa burudani na wenzetu wanaovua kwa biashara. Sisi hulalamika kwamba tunafungiwa msimu huku meli zikiendelea kujaza majokofu. Wao hujibu kwamba sisi ni wengi mno, hatuhesabiki, na kwamba wao pekee ndio wanaopimiwa kila kilo wanayoishusha gatini. Kila upande una haki katika sehemu ya madai yake, lakini pande zote mbili hubishania samaki waliofika nchi kavu, na aliyekufa akabaki baharini hana wa kumtetea.

Tofauti ya kanuni yenyewe ina sababu inayoeleweka. Wavuvi wa biashara ni wachache kwa kulinganisha, wana leseni, na hushusha mzigo katika maeneo yanayojulikana, hivyo inawezekana kuwapa mgawo wa uzito na kuufuatilia. Wavuvi wa burudani huondoka kutoka maelfu ya fukwe na magati, kila mmoja akirudi na samaki wawili au bila kitu, na serikali hukadiria jumla yao kwa mahojiano na hesabu za sampuli. Kwa kuwa haiwezi kupima uzito wa wanachovua, hubana mambo matatu inayoweza kuyabana: siku za msimu, idadi ya samaki kwa mtu kwa siku, na urefu wa samaki. Kila moja kati ya hayo matatu huzaa samaki wa kutupwa. Msimu ukifungwa, anayevua samaki wa aina nyingine kwenye mwamba uleule bado atamnasa aliyekatazwa. Idadi ikitimia, wapo wanaoendelea kuvua na kumbadilisha mdogo kwa mkubwa. Na kipimo cha urefu kina tatizo nililoliona kwa macho yangu.

Mfano ninaourudia mara nyingi ni wa samaki mwekundu aitwaye snapa katika Ghuba ya Meksiko, upande wa Marekani, kwa sababu pale karibu kila kasoro ya kanuni hizi ilijitokeza mahali pamoja. Mgawo wa mwaka uliwekwa kuwa asilimia 51 kwa wavuvi wa biashara na asilimia 49 kwa wa burudani. Kabla ya mwaka 2007 wavuvi wa biashara walifunguliwa msimu kwa siku chache chache tu, wakakimbizana hata katika hali mbaya ya hewa, bei ikaanguka kwa sababu samaki wote walifika sokoni kwa mpigo, na msimu ulipofungwa walitupa snapa walionaswa pamoja na samaki wengine. Mwaka 2007 ukaanza utaratibu wa kumpa kila mwenye leseni hisa yake ya mgawo, aivue wakati wowote wa mwaka. Baada ya hapo kipimo cha chini kwa wavuvi wa biashara kilishushwa kutoka inchi 15 hadi inchi 13, kwa hoja kwamba snapa anayetoka kwenye kina kirefu huwa ameshakufa au yuko taabani, basi ni afadhali ahesabiwe ndani ya hisa ya aliyemvua kuliko kutupwa. Sisi wa burudani tulibakizwa kwenye inchi 16. Unaweza kuona uchungu wa mtu anayemtupa samaki wa inchi 15 huku akijua kwamba chombo kilicho jirani kinamhifadhi kihalali.

Lakini ukiacha uchungu huo kando, utaona kwamba kanuni ya wavuvi wa biashara ndiyo iliyokuwa ya busara zaidi kwa samaki. Aliyeua alilipa kutoka katika fungu lake. Kwa upande wa burudani mambo yalikwenda kinyume: kadiri samaki walivyoongezeka na kunenepa, ndivyo mgawo ulivyojaa upesi, na ndivyo msimu katika maji ya serikali kuu, yale ya mbali na pwani, ulivyofupishwa, mpaka mwaka 2017 ukatangazwa wa siku 3 tu kwa wenye vyombo binafsi, kabla ya kuongezewa siku 39 kutokana na kelele zilizopigwa. Kulikuwa pia na jaribio la kusogeza mgawo kidogo kuelekea upande wa burudani, nalo likatenguliwa mahakamani mwaka huohuo wa 2017. Miaka ya mabishano ilikwenda kwa asilimia mbili au tatu.

Na wakati huo wote kulikuwa na mhusika wa tatu ambaye wavuvi wa snapa hawakumtaja kwa sauti sawa: meli zinazokokota nyavu kuvua kambamiti. Nyavu zake zina matundu madogo, hupita juu ya sakafu ya tope ambako snapa wachanga hukulia kabla ya kuhamia miambani, na huwazoa wakiwa na urefu wa kidole. Wataalamu walipoangalia hesabu waliona kwamba idadi ya snapa haiwezi kupona bila kupunguza vifo hivyo, na lengo likawekwa la kuvipunguza kwa asilimia 74 kulinganisha na kiwango cha miaka ya 2001 hadi 2003. Nyavu zilitakiwa kuwekewa matundu ya kutorokea samaki, kama zilivyokuwa zimekwisha kutakiwa kuwa na kichuja cha kuwatoa kasa. Msaada mwingine ulitoka sokoni: kambamiti wa kufugwa kutoka nje walishusha bei, mafuta yakapanda, meli nyingi zikaacha kazi. Sifurahii riziki ya mtu kukatika, ila snapa wachanga hawakujali sababu.

Ukitazama dunia nzima picha ni hiyohiyo. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, katika tathmini iliyotolewa mwaka 2019, lilikadiria kwamba takriban tani milioni 9.1 za samaki hutupwa baharini kila mwaka, yaani zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya wote wanaovuliwa, na karibu nusu yao hutokana na nyavu zinazokokotwa chini. Mbele ya tarakimu hiyo ndoana yangu ni kitu kidogo sana, na wenzangu hupenda kuishia hapo. Mimi siwezi, kwa sababu katika aina fulani za samaki wa miambani ndoana zetu nyingi nyingi zikijumlishwa huwa mzigo wa kweli.

Jambo linaloniudhi zaidi ni namna vifo hivi vinavyolipiwa. Wataalamu wa hifadhi hawavisahau; huvikadiria na kuviondoa kwenye jumla kabla mgawo haujatangazwa. Kwa hiyo gharama yake hugawanywa kwa wote: aliyetupa samaki mia na ambaye hakutupa hata mmoja hupunguziwa sawasawa, na hakuna anayepata faida kwa kuwa mwangalifu. Hapo ndipo ninapoona dhuluma, kuliko katika zile asilimia 51 na 49.

Norwe ilianza mwaka 1987 kukataza kutupwa kwa chewa wa bahari za baridi za kaskazini, na baadaye samaki wengine kadhaa. Anayevua asichoruhusiwa hukileta gatini, thamani yake ikachukuliwa, naye akabakiziwa sehemu ndogo tu, ili asivutwe kumvua kwa makusudi wala asishawishike kumtupa. Umoja wa Ulaya ulifuata kwa kuanzisha wajibu wa kushusha samaki wote wenye mgawo, kwa awamu kutoka 2015 hadi 2019, lakini usimamizi wa huko baharini ulikuwa hafifu na misamaha ilikuwa mingi, na meli ambayo ingelazimika kusimamisha kazi kwa kuishiwa mgawo wa samaki mmoja ina kila sababu ya kumtupa usiku. Kamera chomboni husaidia, na manahodha huzichukia. Wavuvi wa burudani wanaozishangilia kamera hizo wajiulize kama wangekubali kuripoti kwa simu kila samaki waliyemrudisha, kabla hawajafika nchi kavu.

Mimi ningekubali, alimradi idadi hiyo ipunguzwe kwenye fungu langu na kipimo cha urefu kiondolewe kwa samaki wa kina kirefu: mtu aweke wawili wa kwanza, wawe wakubwa au wadogo, kisha akunje mshipi. Pale Ghuba ya Meksiko sheria ya Marekani iliyopitishwa mwishoni mwa 2020 ilitaka wanaovua samaki wa miambani wawe na kifaa tayari cha kumshusha samaki hadi kina alichotoka, au sindano ya kumtoa hewa, na nimejifunza kutumia hicho cha kwanza. Ni uzito na kibanio cha mdomoni kinachoachia chenyewe chini.

Siku hizi huandika kwenye daftari. Safari iliyopita niliweka wawili na kuwashusha watatu. Mmoja kati ya hao watatu alikuwa ametoka damu kwenye mashavu, na ingawa alizama vizuri sikuwa na hakika naye, nikamwandika pamoja na wale wawili niliowaweka.