Ndovu wa pointi 194

Ilikuwa mwaka 2011, Jumamosi, katika ukumbi mdogo mtaa wa Ganjoni, Mombasa. Raundi ya nne ya mashindano ya Scrabble, mchezo wa kupanga maneno ya Kiingereza ubaoni kwa vipande vya herufi, ilinikutanisha na mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, tukachanganya herufi mfukoni na kuiwasha saa. Kila mmoja ana dakika 25.

Miezi ile nilikuwa nakariri maneno usiku kucha: yale ya herufi mbili, yale yenye Q bila U kama QANAT, mengine hata maana yake siijui. Niliamini mtu hushinda mchezo huu kwa maneno ambayo mwenzako hajawahi kuyasikia. Na kweli, hadi katikati ya mchezo nilikuwa mbele, 209 kwa 160.

Ndipo nikaweka FAITH kwenda chini, nikiipitia A iliyokuwa tayari ubaoni. Pointi 22, nikafika 231. H ikatua mstari wa mwisho kabisa, kati ya mraba mwekundu wa pembeni na ule wa katikati. Kila mraba mwekundu huzidisha neno mara tatu. Neno moja likiigusa yote miwili, ni mara tisa. Lakini linahitaji herufi nane, na mkononi una saba tu. Sasa H yangu ingeweza kuwa ya nane. Niliiona hatari hiyo na nikaipuuza.

Mwalimu alinyamaza kama dakika tatu. Kisha akaanza kupanga, tena kwa kurudi nyuma. Kwanza T, juu ya mraba mwekundu wa katikati. Kushoto kwake N, halafu A, ambayo ikagusana na H yangu. Nikasoma HANT, haikuniambia kitu. Akairuka H, akaweka P, na kwa kidole hichohicho akainyoosha ikae sawa ndani ya mraba wake. PHANT. Hapo moyo ulinipiga. E, L, na E ya mwisho ikaingia pembeni.

ELEPHANT.

P ilikuwa juu ya mraba unaozidisha herufi mara mbili, kwa hiyo neno lenyewe lilikuwa na pointi 16. Mara tisa, 144. Ongeza 50 za kumaliza herufi zote saba, jumla 194. Akabonyeza saa. Kupinga ningepinga nini? Neno hilo watoto wa chekechea hulisoma chini ya picha ukutani.

Hadithi za aina hii nilizijua. Nilijua kwamba mwaka 1982, mjini Manchester, mchezaji Karl Khoshnaw aliweka CAZIQUES na kupata pointi 392 kwa zamu moja, kwa njia hiyohiyo ya miraba miwili myekundu. Kwangu hilo lilikuwa jambo la kusimuliwa. Kuliona likijengwa mbele yangu, herufi baada ya herufi, ni kitu kingine kabisa. Nilikuwa nimetoka mbele kwa 71 hadi nyuma kwa 123, na nasema kwa dhati kwamba nilichokisikia kifuani ni furaha.

Nilishindwa kwa pointi 96. Tulipotia sahihi karatasi ya matokeo nikamuuliza aliionaje.

“PLANET ndiyo niliyoiona mwanzo, mwanangu,” akasema. “Lakini ingenibakishia E peke yake, sikuipenda. Nikaanza kuitafutia kazi ile E. Halafu nikaitazama H yako.”

Akanyoosha mkono kuchukua mfuko. Nikamwomba asikusanye kwanza. Meza nyingine zilikuwa zimeshamaliza, watu wanaelekea nje kunywa chai, feni inazunguka juu yetu. Niliinama nikahesabu upya mwenyewe, kutoka pembeni hadi katikati, kidole changu kikipita juu ya kila herufi.

194.