Kompresa haikuzi sauti, inaibana

Kompresa, kifaa au programu ya kupunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, inasingiziwa kazi isiyo yake. Wengi wanaorekodi nyumbani huiweka kwenye sauti ya mwimbaji wakiamini itaikuza. Yenyewe hupunguza tu: sauti ikivuka kiwango ulichopanga, inaibana ishuke. Ukubwa unaousikia mwishoni unatoka kwenye geini, yaani ongezeko la sauti, unayoirudisha baada ya vilele kubanwa, na geini hiyo haichagui. Inapandisha mwimbaji pamoja na feni ya dari, bodaboda ya nje na mwangwi wa chumba.

Tazama hesabu yake. Threshodi, yaani kizingiti, iko desibeli -20 (sifuri ndiyo juu kabisa), resho, yaani uwiano wa kubana, ni 4 kwa 1. Mwimbaji anapaza mpaka -8, kwa hiyo amevuka kizingiti kwa desibeli 12. Kwa kila desibeli 4 zilizovuka, kompresa inaachia 1 tu, basi zinapita 3 na sauti inatoka ikiwa -17. Zimebanwa desibeli 9. Ukirudisha hizo 9 kwa geini, kilele kinarudi -8 kilipokuwa mwanzo, lakini feni iliyokuwa -60 sasa ipo -51. Hakuna kitufe kwenye kompresa kitakachokuondolea feni hiyo. Izime kabla ya kurekodi, tundika mablanketi mazito nyuma ya mwimbaji, mweke sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maiki. Rekodi kwa biti 24, vilele vyake vicheze kati ya -12 na -6. Hapo una nafasi ya kutosha juu, huna sababu ya kubana sauti wakati wa kurekodi. Kilichobanwa vibaya kikaingia kwenye faili hakirudi.

Bado usifungue kompresa. Pitia rekodi kwanza, na neno lililopigiwa kelele kuliko mengine lishushe kwa mkono, kwenye kipande chenyewe. Ukiliacha, utalazimika kuchagua: ama kompresa ilikandamize neno hilo kupita kiasi, ama threshodi ipande juu mno kompresa isiguse mengine yote. Kisha kata masafa ya chini ya hezi 80. Mishindo ya meza na pumzi za "p" na "b" hukaa huko chini. Sikio halizijali sana, lakini kompresa inazipima kama sauti nyingine yoyote, na inaweza kumshusha mwimbaji kwa sababu ya teke la mguu wa meza.

Sasa anza hivi: resho 3 kwa 1, ataki (muda wa kuanza kubana) milisekunde 10, rilizi (muda wa kuachia) milisekunde 80. Shusha threshodi taratibu huku ukitazama mita ya punguzo, inayoonyesha desibeli zinazobanwa. Kwenye mistari yenye nguvu ionyeshe desibeli 3 hadi 6, na mwimbaji anapovuta pumzi irudi sifuri. Isiporudi sifuri hata kwenye ukimya, ama threshodi imeshuka mno ama rilizi ni ndefu mno.

Ataki ndiyo inayowasumbua watu, kwa sababu kwa mipangilio ya kawaida tofauti zake ni ndogo kuzisikia. Njia ya kujifunza ni kuzidisha makusudi. Peleka resho 10 kwa 1, shusha threshodi mpaka mita ionyeshe 15 au zaidi, halafu zungusha ataki peke yake. Kwenye milisekunde 1 au chini ya hapo, "t", "k" na "ch" zinafifia na mwimbaji anarudi nyuma ya ala. Kwenye 30, konsonanti zinapenya kabla kompresa haijashika, na maneno yanakuwa na makali. Ukipata mahali maneno yanasikika wazi bila kuchoma, rudisha resho na threshodi ulipozitoa.

Rilizi jaribu vivyo hivyo. Ikiwa fupi sana, kila mara mwimbaji anaponyamaza, pumzi na kelele za chumba zinaruka juu, na rekodi nzima inahema. Ikiwa ndefu sana, neno dogo linalofuata neno kubwa linamezwa. Rap yenye silabi za haraka inahitaji rilizi fupi kuliko uimbaji wa taarabu wenye irabu ndefu za kuvutwa. Kwa gita la besi kuna mtego wake: wimbi moja la hezi 50 linachukua milisekunde 20, kwa hiyo ataki na rilizi zikiwa fupi kuliko hapo, kompresa inafuata umbo la wimbi lenyewe na besi inakwaruza. Anzia rilizi ya 100.

Ukitumia plagini (programu ndogo za kuongeza kwenye programu ya kurekodi) zinazoiga mashine za zamani, angalia vitasa vyake. Kompresa ya 1176, iliyotoka 1967, ina ataki ya mikrosekunde 20 hadi 800 tu, na kitasa chake kimegeuzwa: kulia ni haraka, kushoto ni polepole. Kompresa nyingine, LA-2A, haina kitasa cha ataki wala cha rilizi. Inabana kwa taa na kihisi cha mwanga, hushika polepole na huachia polepole zaidi. Kuzipanga mbili, 1176 ikichukua vilele kwa desibeli 3 na LA-2A ikilainisha 3 nyingine, kunaleta sauti ya asili kuliko kuibebesha mashine moja zote 6.

Kabla ya kukubali mpangilio wowote, zima geini ya kujirekebisha yenyewe (ReaComp, kompresa ya programu ya kurekodi ya Reaper, inayo, na nyingine nyingi), kisha linganisha kompresa ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa, ukubwa ukiwa sawa. Desibeli 1 tu ya ziada inatosha kulidanganya sikio liseme "hii ndiyo nzuri". Ukisawazisha, mara nyingi utagundua umebana mno.

Baada ya hapo sikiliza "s", "z" na "sh". Nguvu yake ni ndogo kuliko ya irabu, kwa hiyo mara nyingi hazifiki kwenye kizingiti. Irabu zinabanwa, zenyewe zinapita salama, kisha geini inazipandisha, na "siku za mashaka" inaanza kuchoma masikio. Weka diesa, kipunguza makali ya "s", baada ya kompresa, itafute kati ya kilohezi 5 na 8, ishushe desibeli 3 au 4. Mwimbaji akianza kusikika kama ana kitembe, umeshusha kupita kiasi.