Maji ya Wysowa

Mwezi Septemba 2015, nilipokuwa mwanafunzi mjini Kraków, bibi wa rafiki yangu aliniomba nimsindikize hadi Wysowa-Zdrój, kijiji cha chemchemi za tiba kilichoko kusini-mashariki mwa Poland, karibu kabisa na mpaka wa Slovakia. Neno zdrój maana yake ni chemchemi, na Wapolandi huliambatanisha na majina ya mahali panaposifika kwa maji ya tiba. Yeye alikuwa amezaliwa pale, lakini tangu aondolewe akiwa na umri wa miaka 9 alikuwa amerudi mara moja tu.

Mimi nimekulia Tengeru, chini ya Mlima Meru, kwa hiyo milima ya Beskid Niski niliiona kuwa vilima: Lackowa, mrefu kuliko yote upande wa Poland, una mita 997. Utajiri wa pale umo ardhini. Gesi ya kaboni daioksidi hupanda kutoka kina kirefu kupitia nyufa za miamba, ikachanganyika na maji, nayo maji hayo huyeyusha chumvi na madini kabla ya kutokeza juu yakiwa na viputo. Katika ukumbi wa mbao wa kunywea maji niliwaona wagonjwa wakitembea taratibu, kila mmoja na kikombe chake, wakimeza funda moja moja kama walivyoelekezwa. Nilionja. Yalikuwa ya chumvi, na nyuma ya chumvi ilikuja ladha ya chuma.

Bibi hakunywa. Alinishika mkono tukaenda kwenye kanisa la mbao la Malaika Mkuu Mikaeli, lililojengwa mwaka 1779, ambamo alibatizwa. Hapo ndipo aliponieleza kwamba watu wa asili wa kijiji kile walikuwa Walemko, wachungaji na wakulima wa milimani wenye lugha yao na ibada ya Kikristo ya Mashariki. Wageni wa mjini walianza kuja kuoga na kunywa maji katika karne ya 19, na Vita Kuu ya Kwanza ikaharibu karibu kila kilichokuwa kimejengwa kwa ajili yao. Kijiji kiliinuka tena. Kisha ukaja mwaka 1947, ambapo serikali ya Poland, katika Operesheni Wisła, iliwahamisha kwa nguvu Waukraine na Walemko wapatao 140,000 na kuwatawanya magharibi na kaskazini, kwenye ardhi zilizochukuliwa kutoka Ujerumani. Familia yake ilipakiwa katika behewa la mifugo pamoja na ng'ombe wao, ikashushwa karibu na Legnica. Baada ya mwaka 1956 baadhi ya Walemko waliruhusiwa kurejea. Baba yake alipofika alikuta nyumba ina watu wengine, akageuka bila kubisha hodi.

Nilishindwa kunyamaza. Nilimwambia kwamba karibu na kwetu yapo makaburi ya Wapolandi, watu waliopelekwa Siberia kwa amri ya Stalin, wakapitia Uajemi, na tangu mwaka 1942 wakaishi Tengeru, wapatao 5,000, katika vibanda vya duara vilivyoezekwa kwa majani. Utotoni nilidhani Wapolandi ni taifa la watu waliofukuzwa tu. Alinisikiliza mpaka mwisho, macho yake yakiwa kwenye picha takatifu zilizopangwa ukutani.

Tulipotoka alinipeleka ng'ambo ya barabara, kwenye kijito ambako maji yenye kutu yalichuruzika kati ya mawe. Akainama kwa shida, akakinga kwa kiganja, akanywa mara tatu.

"Ng'ombe wetu walipenda haya," alisema. Kisha akauliza, "Hayo makaburi ya kwenu, mjukuu wangu, nani anayafagia?"

Nilimjibu kwamba yuko mzee mmoja wa Kitanzania mwenye ufunguo wa geti, na kwamba anafagia.