Skrubu za Space Echo

Mpiga solo wa bendi moja ya dansi alituletea Roland Space Echo, mashine ya kutia mwangwi kwenye muziki kwa utepe wa sumaku, ile RE-201 iliyotoka Japani mwaka 1974. Karakana ilikuwa Magomeni, nami nilikuwa bado najifunza kazi kwa mzee aliyeanza na redio za valvu. Mwangwi ulikuwa unayumba, kila noti ikirudi imepinda.

Utepe wa mashine ile huonekana ukifunua tu mfuniko wa juu: hauna gurudumu, umejilaza mikunjo mikunjo ukivutwa kupita mbele ya hedi, vile vichwa vya kurekodi na kusoma sauti. Tukaukagua, mzima. Kilichokuwa kinakokota ni mota, na kuifikia ilibidi kuitoa mashine kwenye kasha. Kuna fundi alikwishajaribu kabla yetu. Baadhi ya vichwa vya skrubu vilikuwa vimeliwa, msalaba umebaki shimo la mviringo linalong'aa.

Nikachukua bisibisi ya nyota. Mzee akanishika mkono.

"Subiri, mwanangu. Lete taa."

Kwenye skrubu iliyosalimika, pembeni ya msalaba, palikuwa na nukta ndogo iliyobonyezwa. Hiyo ni alama ya kiwango cha Kijapani, JIS. Kwa macho ni nyota ileile, lakini bisibisi ya Phillips, yaani nyota ya kawaida, ikiingia humo ncha yake hugota chini kabla mabawa hayajakaa sawasawa kwenye kuta. Ukikaza mkono inapanda, inateleza, inatafuna. Vyombo vingapi vizuri vimeharibiwa hivyo! Na lawama wanapewa Wajapani, eti chuma chao laini.

"Nenda kwa yule kijana wa pikipiki, mwambie naomba bisibisi iliyokuja na Honda yake."

Nikaileta. Mzee akaitia kwenye skrubu, ikakaa bila kucheza hata kidogo. Akagonga kitako chake kwa nyundo ndogo kuamsha kutu, akaegemeza uzito wa bega, kisha akazungusha robo tu. Tak! Ikaachia.

Zile zilizoliwa zilitaka subira zaidi. Alizungushia grisi kila kichwa ili inase unga wa chuma, maana unga huo ukifika kwenye hedi ni balaa, halafu akachonga mfereji kwa kipande cha msumeno wa chuma. Bisibisi bapa ikamaliza kazi. Mimi nilishika taa na kufuta grisi, na sijawahi kuona mikono yenye adabu vile kwa chombo cha mtu.

Mota ilikuwa imekauka tu. Ikapata mafuta yake, ikazunguka vizuri. Badala ya skrubu mbovu tukarudishia nyingine za JIS kutoka deki ya kaseti iliyokufa. Kabla hajampigia simu mwenyewe, mzee alinipa karatasi na gundi, akaniamuru nibandike chini ya kasha kwa herufi kubwa: "FUNDI, SKRUBU HIZI NI ZA KIJAPANI. TUMIA BISIBISI YA PIKIPIKI."