"Do you understand?" na mazoea yake

Nikikaa nyuma ya darasa kuwakagua walimu tarajali wa Kiingereza, swali ninaloliandika daftarini mapema kuliko yote ni "Do you understand?" Jibu nalo halibadiliki: "Yes, teacher!" kwa sauti moja, hata aliyekuwa anasinzia.

Tunatumia ufundishaji mdogo: mwanachuo anafundisha dakika chache, wenzake wakijifanya wanafunzi, kisha tunamjadili. Mtindo huu ulianzia Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1963, na kwa kuumbua mtu haraka sijaona mfano wake.

Juzi kijana mmoja mwenye Kiingereza safi alifundisha hali timilifu (present perfect). Akaandika ubaoni "I have lost my key", akaeleza kanuni ya have na has, akauliza kama wameelewa. Wakaitikia. Nikamwomba arudie, safari hii asitaje kanuni, aulize maswali tu. Akajikuna kichwa, kisha: "Do I have the key now?" No. "Do we know when I lost it?" No. Akaandika chini yake "I lost my key yesterday, but I found it this morning" na kurudia lile swali la kwanza. Binti mmoja akasahau kabisa kwamba anaigiza: "Kwa hiyo siwezi kusema I have lost my key yesterday?" Alikuwa anauliza kwa dhati, na yuko mwaka wa tatu!

Silaumu. Mwaka 1975 Dan Lortie, mwanasosholojia wa Marekani, aliandika kuhusu uanagenzi wa kutazama: mtu anaingia chuo cha ualimu akiwa ameshakaa miaka mingi akiwaangalia walimu wake. Ndiyo maana vijana hawa watakujibia mtihani kuhusu mwanaisimu Dell Hymes na umilisi wa mawasiliano, yaani uwezo wa kutumia lugha ifaavyo kulingana na mazingira, bila kigugumizi, halafu wakishika chaki anajitokeza mwalimu wao wa sekondari.

Mihadhara haimtoi huyo. Anatoka kwa kurudiarudia, basi. Sasa nawaagiza wakishauliza swali wanyamaze, wahesabu kimoyomoyo hadi tatu. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alibaini kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu, na wakisubiri tatu au zaidi majibu hurefuka. Wananilalamikia kwamba sekunde tatu mbele ya darasa hazipiti. Ni kweli, hazipiti.

Wiki ijayo tunaingia kwenye maelekezo ya kazi za vikundi, ambako fujo ni kubwa zaidi: wanagawa karatasi kwanza, ndipo waanze kueleza cha kufanya.